Maswali ya Wasomaji: Mita, Boila na Ankara Ugenini

Mwezi huu tumepokea barua nyingi kutoka kwa familia zetu zilizoko Uingereza, na karibu zote zinahusu nyumba: umeme, gesi, maji, joto, na mzigo wa ankara unaotupwa mlangoni. Tumechagua chache. Bei tulizotumia ni za mwaka 2025. Hubadilika kila Januari, Aprili, Julai na Oktoba, mdhibiti wa nishati, Ofgem, anapoanzisha kikomo kipya cha bei, kwa hiyo weka bei iliyo kwenye ankara yako halafu upige hesabu kwa njia ileile.

Gesi ya miezi miwili, pauni 379

*Habari za kazi. Tumehamia Leicester na watoto watatu. Baada ya siku 60 ikaja ankara ya gesi ya pauni 379. Jirani yetu ana nyumba kama yetu na familia kama yetu, yeye alilipa 150 hivi. Nimepiga simu mara mbili, wanasema ndivyo mita ilivyosoma. Namba niliyowapa siku ya kuhamia ni 04210, sasa inasoma 04390. Mita imeandikwa m³. Je, kuna mahali gesi inavuja?* — Baba wa watoto watatu, Leicester

Ndugu yetu, kwanza tuliondoe hilo la kuvuja. Gesi ikivuja utainusa, maana imetiwa harufu kali makusudi. Ukiinusa usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Fungua madirisha, funga koki iliyo kando ya mita, toka nje na familia yako, kisha piga 0800 111 999. Namba hiyo ni ya bure na inapokelewa usiku na mchana.

Ila kwa namba ulizotuandikia, hatuoni uvujaji. Tunaona kosa la hesabu, na kosa lenyewe linajulikana.

Mita ya gesi haipimi uniti za kilowati-saa kama ya umeme, inapima ujazo. Mita za zamani hupima kwa futi za ujazo, na juu yake utaona ft³ na tarakimu nne kabla ya zile nyekundu. Mita mpya hupima kwa mita za ujazo, m³, na huwa na tarakimu tano kabla ya nukta. Kampuni huchukua ujazo huo na kuugeuza uniti. Kwa mita ya m³ hesabu huenda hivi: ujazo, mara 1.02264, mara kiwango cha nishati iliyomo kwenye gesi (kwenye ankara kimeandikwa calorific value, huwa karibu 39.5), gawanya kwa 3.6. Mita moja ya ujazo hutoa uniti 11.2 hivi. Mita ikiwa ya futi, mwanzoni kabisa huongezwa hatua moja zaidi: kuzidisha kwa 2.83.

Sasa tazama yako. 4390 toa 4210 ni 180. Mara 11.22, unapata uniti 2,020. Kwa peni 6.3 kila uniti ni pauni 127. Ongeza tozo ya kila siku, tuseme peni 32 kwa siku 60, ambayo ni pauni 19. Jumla ni pauni 146, sawa kabisa na jirani. Lakini zidisha zile 2,020 kwa 2.83: zinakuwa uniti 5,716, ambazo ni pauni 360, na ukiongeza 19 unapata 379. Peni zako zimekwenda hapo. Mita yako ni ya m³, ila kwenye daftari la kampuni imeandikwa ya futi. Hutokea mita inapobadilishwa na taarifa zake zisisahihishwe.

Fungua ukurasa wa ankara unaoonyesha hesabu ya gesi utafute 2.83. Ukiiona, umeshamaliza kazi ngumu. Piga picha mbili za mita: moja inayoonyesha namba ya usajili wa mita na alama ya m³ pamoja, nyingine inayoonyesha usomaji wa leo. Ziambatanishe kwenye barua pepe, uandike waziwazi kwamba unalalamika rasmi, unataka kipimo cha mita kisahihishwe na ankara zote tangu siku ya kuhamia zitolewe upya. Neno malalamiko lina uzito hapa. Tangu siku unapolitumia, kampuni ina majuma manane. Yakipita bila suluhu, au wakikuandikia kwamba msimamo wao ndio huo, unapeleka shauri kwa msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, Energy Ombudsman, bila kulipa hata senti. Wakati huohuo lipa ile 146 usiyobishana nayo. Ukikataa kulipa chochote utahesabiwa mdaiwa, na jina lako kwenye kumbukumbu za mikopo litachafuka.

Kwa wengine mnaosoma: kabla ya kufika kwenye mambo ya futi na mita, tazama kwanza herufi iliyo kando ya usomaji. E maana yake kampuni imekisia. Ankara nyingi za kutisha ni za kukisiwa, na hufutika ukituma usomaji halisi. Tuma usomaji kila mwezi, tarehe ileile, tarakimu nyeusi tu, nyekundu achana nazo. Siku ya kupewa funguo piga picha mita zote kabla hujaingiza hata godoro. Tangu siku hiyo wewe ni mteja wa kampuni iliyokuwa inahudumia nyumba hiyo, hata kama hujasaini kitu, na bila picha hiyo matumizi ya mpangaji aliyetangulia yatageuka yako. Kampuni ikichelewa kwa uzembe wake kukutoza, haina ruhusa kudai nishati uliyotumia zaidi ya miezi 12 nyuma. Kanuni hiyo ipo tangu 2018, na wahudumu wa simu si wepesi wa kuitaja.

Tumetoka Mombasa, mita imekula pesa

*Tunatumia mita za kulipia kabla, umeme kwa ufunguo na gesi kwa kadi. Tulikwenda nyumbani wiki sita, nyumba ikabaki tupu, salio lilikuwa karibu sifuri. Tuliporudi niliweka pauni 20 kila upande. Gesi ikasoma 6 na ushei, umeme haukuwaka kabisa. Nimeibiwa?* — Mama Z., Barking

Hukuibiwa, dada, ingawa uchungu wake tunauelewa. Huku kuna kitu ambacho sisi tuliozoea tokeni za nyumbani hatukitegemei: tozo ya kila siku, ambayo kwenye ankara imeandikwa standing charge. Inakatwa uwashe taa usiwashe. Kwa umeme ni peni 53 hivi kwa siku, na siku 42 ni pauni 22.26. Kwa gesi, peni 32 mara 42 ni pauni 13.44. Mita hulimbikiza deni hilo kimyakimya hata salio likiisha, kisha hulikata unapoweka pesa. Ndiyo maana gesi ilibakiza 6.56, na umeme ulikuwa bado unadaiwa pauni 2.26.

Safari ijayo, kabla hujafunga mlango, weka umeme wa kutosha tozo na friji. Friji yenye friza hula uniti moja hivi kwa siku au pungufu. Kwa peni 26, wiki sita ni kama pauni 11. Kwa hiyo pauni 34 za umeme na 14 za gesi zitakurudisha kwenye nyumba inayowaka. Au maliza chakula, zima friji, acha mlango wake wazi usiote kuvu, ila tozo bado uitengee. Na kama mnasafiri Desemba au Januari, funga koki kuu ya maji (mara nyingi iko chini ya sinki la jikoni). Bomba likiganda na kupasuka nyumba ikiwa tupu, maji yatamwagika hadi mtakaporudi.

Mengine matatu ya mita hizi. Usitumie ufunguo au kadi uliyoikuta ndani ya nyumba: kama mpangaji aliyepita alikuwa na deni, kila unapoweka pesa sehemu inakwenda kulilipa. Iombe kampuni mpya kwa jina lako, haitozwi. Salio la dharura ni mkopo, si zawadi, na hukatwa mara moja ukiongeza pesa. Pia mita janja ya kulipia kabla ikishindwa kupokea pesa kwa njia ya mtandao, kampuni itakutumia tarakimu 20 uziingize kwa mkono. Wanaotoka Tanzania na Kenya hawahitaji kufundishwa hilo.

Hujatueleza umri wa watoto. Kama kuna aliye chini ya miaka mitano, au una ujauzito, au kuna mzee au mgonjwa nyumbani, au Kiingereza kinawapa shida, omba kampuni iwaandikishe kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele, Priority Services Register. Ni bure. Mtapewa taarifa mapema umeme ukitarajiwa kukatwa kwa matengenezo, na msaada wa haraka mita ikizima. Wengi wenye viza isiyoruhusu misaada ya serikali huogopa kujiandikisha. Huduma hii haimo katika misaada hiyo. Jiandikisheni.

Boila imezima, na ukungu mweusi umepanda ukutani

*Boila inaonyesha 0.4 na haitoi maji moto. Radieta ya chumbani ina joto chini, juu ni baridi. Kona ya chumba cha watoto ina ukungu mweusi. Mwenye nyumba anasema ni sisi, tunapika sana na kuanika nguo ndani. Kuna ukweli?* — Wapangaji, Sheffield

Tuanze na boila, maana hiyo mnaweza kuiwasha wenyewe leo.

Ile 0.4 ni mgandamizo wa maji ndani ya mfumo. Boila ikiwa baridi inatakiwa kusoma kati ya 1 na 1.5. Ikishuka sana hujizima ili isiungue. Izime, isubiri ipoe. Chini yake tafuta bomba fupi linalopindika, mara nyingi lililosukwa kwa nyuzi za chuma, lenye koki ndogo kila upande. Nyingine zina kishikio cha plastiki badala ya bomba hilo, na kitabu cha boila kitakuonyesha. Fungua koki ya kwanza, kisha ya pili polepole, utasikia maji yakiingia. Macho yasitoke kwenye kipimo. Kikifika 1.3 funga koki zote mbili, moja baada ya nyingine, uhakikishe zimekaza. Kosa la wengi ni kuacha moja ikivuja kidogo: usiku mgandamizo unapanda, ukifika 3 valvu ya usalama inafunguka na maji yanachuruzika nje ukutani. Washa upya. Mfumo ukipata moto kipimo kitapanda kuelekea 2, msishtuke.

Radieta yenye baridi juu ina hewa. Zima joto, acha ipoe, weka kitambaa chini ya tundu dogo la pembeni juu, zungusha ufunguo wa radieta kinyume cha saa, nusu mzunguko tu. Hewa itafyonya. Maji yakianza kutoka, funga. Kisha rudi kwenye kipimo cha boila, maana kutoa hewa hushusha mgandamizo. Ikiwa ingekuwa moto juu na baridi chini, hiyo ni tope la kutu ndani, kazi ya fundi.

Mgandamizo ukishuka tena ndani ya wiki, usiendelee kujaza. Kuna uvujaji au chombo cha upanuzi kimekufa. Mwandikie mwenye nyumba. Kwa sheria ya wapangaji ya 1985, mitambo ya joto na maji moto ni wajibu wake. Pia gesi lazima ikaguliwe kila miezi 12 na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, nanyi mpewe nakala ya cheti. Kifuniko cha boila msikifungue ninyi wala rafiki anayejua-jua. Na siku ambayo boila imekataa, tafadhalini, msiingize jiko la mkaa ndani, wala msiwashe oveni ya gesi mkaacha mlango wake wazi ili mpate joto. Hewa ya ukaa monoksidi haina harufu wala rangi, na huua familia nzima usingizini. Hita ya umeme ya wati 2,000 kwa saa tano ni uniti 10, pauni 2.60. Ichomekeni moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuunganisha.

Sasa ukungu. Mwenye nyumba ana kipande cha ukweli, amekifanya kizima. Nguo za mzigo mmoja wa mashine zikianikwa ndani hutoa lita mbili hivi za maji hewani, na sufuria ya maharage inayochemka saa mbili bila mfuniko huongeza yake. Mvuke huo huenda kujikusanya kwenye ukuta ulio baridi kuliko yote, yaani kona ya nje na nyuma ya kabati. Kwa hiyo funikeni sufuria, anikeni nguo bafuni mlango ukiwa umefungwa na feni ikizunguka, fungueni madirisha ya pande mbili dakika kumi asubuhi, vuteni kabati sentimita tano kutoka ukutani, na msiache chumba cha watoto kikashuka chini ya nyuzi 18. Kipima unyevu si ghali. Kikisoma zaidi ya asilimia 60 kwa siku nyingi, mnaishi kwenye mvuke. Jaribuni pia feni ya bafu kwa karatasi ya chooni: ikishindwa kuishika karatasi kwenye wavu, haivuti, na hilo si kosa la mapishi.

Lakini mkifanya yote hayo na kona bado inarudi nyeusi, au madoa ni ya kahawia yenye ukingo, au rangi inabanduka karibu na sakafu, tafuteni maji yanakotoka: mfereji wa paa ulioziba, bomba linalovuja, ukuta usio na kinga. Pigeni picha zenye tarehe kila wiki, andikeni kwa barua pepe, si kwa simu. Mkijibiwa kwamba ni tabia zenu, kumbukeni mtoto Awaab Ishak wa Rochdale, aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan, waliulalamikia ukungu mara kwa mara, wakaambiwa shida ni mtindo wao wa maisha. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba ukungu wa nyumba hiyo ndio uliomuua. Sheria yenye jina lake ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na vyama vya makazi: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na ukungu wa hatari uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi na nyumba ifanywe salama siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika. Mwenye nyumba binafsi hajabanwa na ratiba hiyo bado, ila idara ya makazi ya halmashauri inaweza kumkagua na kumwamuru. Iiteni.

Runinga ya nyumbani kupitia simu

*Hatuna runinga. Tunaangalia taarifa ya habari ya Citizen moja kwa moja YouTube. Barua za leseni zinakuja kila mwezi. Tulipe?* — Msomaji, Milton Keynes

Ndiyo. Leseni haifuati kifaa, inafuata kuangalia matangazo yanayorushwa wakati huohuo, yawe ya Nairobi au ya London, kwa simu au kompyuta. BBC iPlayer nayo inahitaji leseni hata kwa vipindi vya zamani. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50, na unaweza kulipa kidogokidogo. Mkiisubiri taarifa imalizike muiangalie ikiwa imepakiwa kama video ya kawaida, na hamgusi matangazo ya moja kwa moja popote, hamhitaji. Katika hali hiyo jazeni tamko la kutohitaji leseni kwenye tovuti yao, barua zitapungua.

LUKU ya nyumba iliyofungwa Tabata

*Nyumba yetu Dar imefungwa tangu Agosti 2024. Miezi 18 baadaye nikiwa Manchester nimenunua umeme wa shilingi 30,000 ili mdogo wangu aingie. Uniti zimekuja chache mno, na mita imezikataa.*

Kuna mambo mawili yamekutana. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla wa Tanzania), tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo hukununua haisamehewi. Miezi 18 ni 27,000. Ukabakiwa na 3,000, ambayo nayo hukatwa VAT na tozo za wakala wa nishati vijijini (REA) na mdhibiti wa nishati na maji (EWURA). La pili, mita za tokeni zinazotumia mfumo wa kimataifa wa STS, kama za LUKU, zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na yako ilikuwa imezimwa chumbani. Tazama ujumbe wa ununuzi: ukikuta makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kwanza ni ya kuboresha mita. Mdogo wako aingize la kwanza, asubiri likubaliwe, la pili, kisha la tatu lenye uniti. Akianza na la tatu mita itagoma. Ikiwa ulipata kundi moja tu, wasiliana na shirika la umeme, TANESCO, ukiwa na namba ya mita uombe tokeni za kuboresha. Wakenya wenye mita za Kenya Power, utaratibu wa makundi matatu ni uleule, ila kodi ya majengo haimo.

Tunahama mwisho wa mwezi

*Tuanze wapi?* — Msomaji, Reading

Siku ya kukabidhi funguo piga picha za mita za umeme, gesi na maji, wakala akiwepo kama inawezekana. Tuma usomaji siku hiyohiyo pamoja na anwani mpya. Kampuni ya nishati ina wiki sita kutoa ankara ya mwisho, na kama una salio lako, irudishe ndani ya siku 10 za kazi baada ya ankara hiyo. Usisitishe makato ya benki mapema, kwa sababu marejesho mara nyingi hupitia hukohuko. Halmashauri iarifu kuhusu kodi yake uwape tarehe kamili, maana wasipojua umehama wataendelea kukudai. Kama mmelipa kwa mikupuo 10 ya Aprili hadi Januari na mnahama Februari, mmeshalipia hadi mwisho wa Machi: dai kilichozidi. Akaunti ya benki usiifunge hadi pesa zote zimeingia.